Usiandike Kwamba Hapakuwa na Kitu

"Kwa siku tatu hatukuona kitu. Tulikuwa sisi wawili, pikipiki mbili na anga."

Hizo ni sentensi zangu. Niliziandika Septemba 2023, wiki mbili baada ya kurudi Nairobi kutoka jangwa la Chalbi, katika insha ya somo la uandishi kwenye masomo yangu ya uzamili. Mhadhiri alizipigia mstari na kuandika pembeni, "Nzuri sana." Alama niliyopata ilikuwa ya juu kuliko zote za muhula ule. Kwa furaha nikamtumia insha rafiki yangu niliyesafiri naye. Niliona kwenye simu kwamba ameisoma. Hakujibu. Siku ya nne akaniandikia:

"Ulilala kwa mama yangu mdogo. Ulikunywa maziwa yake. Kwako kitu ni nini?"

Hatukuzungumza tena hadi Novemba.

Ameniruhusu kuandika haya kwa sharti kwamba nisitaje jina lake, nami nitamwita rafiki yangu. Ni Mgabra, amezaliwa upande wa Maikona, na tulisoma pamoja shahada ya kwanza. Safari ilikuwa wazo langu. Njia ilikuwa yake.

Dai langu ni hili. Sisi vijana wa mjini tunaopanda pikipiki kwenda kaskazini "kujitafuta", kisha tukarudi na kuandika kwamba tulikuta utupu, tunarudia uongo wa zamani sana. Uongo huo umewagharimu watu ardhi, barabara, shule na zahanati. Ukiuandika kwa lugha tamu, unakuwa uongo mtamu. Na kwa kuwa nimeuandika mimi na nikapewa alama, nitaanza kwa kuurekebisha.

Tulitoka Nairobi alfajiri, mimi kwenye pikipiki niliyoazima kwa binamu yangu mwendesha boda wa Kasarani, yeye kwenye yake. Zote zilikuwa za injini ndogo, zile zile zinazobeba abiria na mikungu ya ndizi kila siku. Nanyuki, Isiolo, Archer's Post, Laisamis, Marsabit. Sehemu hiyo yote ni lami, na lami yenyewe ni ya juzi tu: barabara ya Isiolo hadi Moyale ilikamilika katika muongo uliopita, zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru. Rafiki yangu anakumbuka alipokuwa akienda shule ya bweni juu ya lori la mbuzi, katika msafara wenye askari, akifika na vumbi hadi kwenye meno.

Baada ya Marsabit tuliiacha lami tukashuka kuelekea Maikona. Hapo ndipo insha yangu inapoanza kusema "hatukuona kitu". Haya ndiyo tuliyoyaona.

Kabla ya kufika Maikona gurudumu langu la nyuma lilipata pancha kwenye mawe meusi ya volkano. Tulikuwa na viraka, gundi na pampu ya mkono, lakini gundi ilikuwa imekauka kwenye mfuko wangu. Tulikaa chini ya jua kwa muda ambao katika insha niliuita "saa za ukimya". Haukuwa ukimya. Kwanza alifika mvulana mwenye mbuzi, akatuuliza habari kwa Kiswahili safi cha darasani. Kisha likaja lori. Dereva akashuka na utingo wake, na kabla hawajagusa tairi, rafiki yangu akaulizwa maswali: mnatoka wapi, huko mvua ikoje, mifugo mliyoiona ilikuwa na hali gani, nani mlimkuta njiani, anakwenda wapi. Alijibu yote, bila haraka, kisha akauliza yake. Mimi nilisimama pembeni nikiona wanapoteza muda. Sikujua kwamba ile ndiyo intaneti. Mahali ambapo simu hushika mtandao karibu na vituo tu, kila msafiri hubeba taarifa za malisho, visima na usalama, na kuzitoa ni wajibu.

Gundi tulipewa bure. Siku iliyofuata, tulipofika Kalacha, penye chemchemi na minazi pwa, mzee mmoja aliyekuwa amekaa nje ya duka alinitazama akacheka. Akamwambia rafiki yangu jambo fulani. Nikauliza amesema nini. "Anasema, huyu ndiye yule wa tairi."

Kijana wa Nairobi anaweza kuishi kwenye ghorofa miaka mitatu bila jirani kujua jina lake. Mimi nilikuwa nimekaa jangwani siku moja na tayari nilikuwa na historia. Lakini nilipofika mezani kwangu nikaandika "sisi wawili".

Kati ya hizo siku mbili tulilala kwa mama yake mdogo. Nyumba ilikuwa ya fito na mikeka, ya kubomolewa na kupakiwa juu ya ngamia familia inapohama, na ni wanawake wanaoijenga. Alitupokea kwa salamu ya kwao, nagaa, yaani amani, na salamu hiyo haikuishia kwetu. Aliulizia amani ya watu, ya mifugo, ya njia tuliyopita. Alitupa chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, kwa sababu vibuyu hufukizwa ili maziwa yakae bila kuharibika. Nilikunywa vikombe vitatu. Alinichekesha kwa Kiswahili chake kidogo: "Kijana wangu, Nairobi hawakupi chakula?"

Jioni alitupeleka kwenye boma. Lilikuwa zizi la miiba, pana, lililojengwa vizuri. Ndani walikuwa ngamia wachache wamejibanza upande mmoja. Nilimuuliza rafiki yangu kwa nini mtu ajenge boma kubwa hivyo kwa mifugo michache. Hakunijibu mara moja. Baadaye, tukiwa tumelala nje, akanieleza. Boma lilikuwa la ukubwa sawa kabla ya ukame. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilishindwa, mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2023 ndipo mvua iliporudi. Mama yake mdogo alipoteza sehemu kubwa ya mifugo yake. Hakulipunguza boma kwa sababu kulipunguza ni kukubali.

Katika nchi nzima tuliyopita, hapo tu ndipo nilipoona kitu ambacho kweli kilikuwa kitupu. Na utupu ule ulikuwa na idadi. Mama yule anamjua kila mnyama aliyekuwa pale, rangi yake, mama yake, na nani alimkopesha. Maana kwa Wagabra ngamia jike huweza kukopeshwa kwa aliyepungukiwa, naye akanywa maziwa huku ngamia na wazao wake wakibaki mali ya mwenyewe. Kwa hiyo ngamia mmoja akifa, zinalia nyumba mbili. Hayo yote hayakuingia katika insha yangu, kwa sababu yangeiharibu ile anga.

Mtaniambia, hilo ni kosa dogo la mwanafunzi aliyetaka kuandika vizuri. Ningekubali, kama neno "tupu" lingekuwa langu. Si langu. Nimelirithi.

Mwaka 1888 msafara wa kabaila wa Hungary, Samuel Teleki, ulifika kwenye ziwa lililokuwa na watu, wavuvi na majina, nao ukalipa jina la mwana wa mfalme wa Austria, Rudolf, ambaye hakuwahi kulitia jicho. Ramani ziliandika hivyo hadi mwaka 1975, Kenya ilipoliita Turkana. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuzifunga wilaya za mbali, na kaskazini ikaja kuwa eneo ambalo huingii wala hutoki bila kibali. Mwaka 1963, siku chache baada ya uhuru, ilitangazwa hali ya hatari katika eneo hilo, na kanuni zake hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Baba wa rafiki yangu alizaliwa, akakua, akaoa chini ya kanuni hizo. Kwa nusu ya nchi, uhuru ulichelewa kwa miaka 28.

Kisha ukaja waraka wa serikali, ule Nambari 10 wa mwaka 1965, ambao wengi wetu tuliusoma shuleni kwa ajili ya mtihani tu. Ndani yake iliamuliwa kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali zitakapozaa haraka: penye udongo mzuri, mvua, barabara na umeme. Soma orodha hiyo polepole. Asiye na barabara hatapewa barabara, kwa sababu hana barabara. Hakuna aliyelazimika kuandika kwamba kaskazini wachukiwe. Ilitosha kuiona kaskazini kuwa nafasi ambayo haina cha kuzaa. Watu wa huko walipata ujumbe. Hadi leo msafiri wa kutoka kusini huulizwa "Kenya kukoje?", na muuza petroli wa Maikona aliniuliza vivyo hivyo huku akinimiminia petroli kutoka kwenye chupa. Nilidhani ni mzaha. Niliuweka mzaha huo kwenye insha, na nikaondoa sababu yake.

Kutoka North Horr tuliteremka kuelekea Loiyangalani, na huko upepo ulinifundisha kuendesha upya. Ni upepo usiokata, unaopenya kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kama maji katika mfereji. Pikipiki hulazimika kuinama kuelekea upande wake hata barabara ikiwa imenyooka. Upepo huo ndio ulioleta mitambo ya umeme tuliyoiona siku ya kurudi, upande wa Sarima, 365 kwa hesabu, yenye uwezo wa megawati 310. Niliipenda. Nataka kuwa mkweli hapa: nilisimama nikapiga picha nyingi kuliko nilizopiga mahali pengine popote, na bado naamini nchi yetu inahitaji umeme wa namna hiyo.

Lakini mitambo ile inasimama katika ardhi iliyopimwa kuwa ekari 150,000 na kutolewa hati, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati hizo zilipatikana isivyo halali, ikatoa mwaka mmoja kasoro hizo zirekebishwe. Wafugaji walikuwa wamekwenda mahakamani kudai jambo moja rahisi: ardhi ile ilikuwa ya jamii, na utaratibu wa kisheria wa kuwahusisha haukufuatwa. Umeme wenyewe husafiri kwa nyaya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Usiku tuliolala karibu na pale, mwanga wa nyumbani niliouona ulikuwa wa tochi na wa taa ndogo za sola.

Simlaumu mwandishi wa insha kwa hati ya ardhi. Mimi sikumpimia mtu ekari. Nasema tu kwamba hati ya namna hiyo huandikwa kwa urahisi zaidi katika nchi ambayo watu wake waliosoma wamezoea kuamini kwamba kule hakuna mtu. Karani anayeamini hivyo alisoma shule moja nasi. Pengine alisoma insha kama yangu.

Na angezisoma wapi? Kila mahali. Safari ya pikipiki jangwani imekuwa fani kamili, ina sheria zake: wanaume wawili, mashine, upeo wa macho, chozi la mwisho. Mwaka 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipita nchini kwetu wakitoka Uskoti kwenda Cape Town, na vijana wengi ninaowajua walinunua pikipiki yao ya kwanza wakiwa na picha hizo kichwani. Nami pia. Nilizitazama mara nyingi kabla ya kumwuliza rafiki yangu swali hata moja kuhusu kwao.

Safari ninayoikumbuka zaidi sasa ni ya mwaka 1952, ya Ernesto Guevara na Alberto Granado, kwa sababu ya jambo ambalo mashabiki husahau. Pikipiki yao iliwafia Chile kabla hawajafika jangwa la Atacama. Jangwa walilipita kwa kuomba lifti kwenye malori. Na ilikuwa katika hali hiyo, bila mashine, ndipo walipokutana na mume na mke waliokuwa wakitafuta kazi migodini, wasio na blanketi, wakakaa nao usiku wa baridi. Mkutano huo ulimkaa Guevara moyoni. Pikipiki nzima ingewapitisha pale kwa dakika chache, nao wangeandika kuhusu nyota.

Najua hoja ya kwanza mtakayonijibu: mwandishi ana haki ya hisia zake, na mimi nilijihisi peke yangu kule. Kweli kabisa. "Nilijihisi mpweke" ni sentensi ya kweli, na msomaji atajua ni nani mwenye tatizo. "Hapakuwa na mtu" ni taarifa, na taarifa hiyo ni ya uongo. Hatuwezi kujificha nyuma ya ubunifu wakati sisi wenyewe tumeandika juu ya kazi zetu kwamba si za kubuni.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, na aliyenipa ni mama yangu mzazi nilipomsimulia ugomvi huu. "Lakini hata wenyewe husema huko hakuna kitu." Ni kweli. Rafiki yangu alisema hivyo mbele yangu, tulipopita kwenye zahanati iliyofungwa kwa kufuli, na mwanamke mwenye mtoto mgonjwa akiwa amekaa mlangoni kumsubiri mhudumu ambaye hakuna aliyejua atarudi lini. "Huku hakuna kitu," alisema, akapiga teke gurudumu lake. Maneno yalikuwa yale yale. Ila yeye alikuwa akimdai mtu. Alijua kinachokosekana, kinakosekana kwa nani, na kwa sababu ya nani. Tulimbeba yule mama na mwanawe hadi kituo kilichofuata, kwenye pikipiki yake kwa kuwa mimi sikuweza kuendesha na abiria kwenye mchanga. Katika insha yangu safari hiyo ilikuwa sentensi moja kuhusu machweo.

Hoja ya tatu ni kwamba nawazuia watu kusafiri. La. Nendeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na fedha za chai, petroli na malazi ni fedha. Lakini mwenyeji huponaje na mgeni ambaye atarudi kwao akasema hakumkuta nyumbani?

Basi tuandikeje? Sina kanuni za kuwapa, ila nimejiwekea masharti. Nikilala kwa mtu, mtu huyo ataingia katika maandishi, akikubali. Nikiuliza njia, nitaandika kwamba niliuliza, hata kama inanipunguzia ushujaa. Nikipita mahali penye jina, nitalitafuta jina. Maikona kwangu ilikuwa kituo cha petroli. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mwaka 2009 Wagabra na Waborana, baada ya kuzikana kwa miaka, walikubaliana azimio la amani linalobeba jina la mji huo, lenye adhabu kwa mwizi wa mifugo na kwa muuaji. Nilikunywa soda katika mji wenye mkataba wa amani, nikaandika kwamba jangwa halina sheria. Niliandika hivyo, ndiyo. Ukurasa wa tano.

Novemba nilimpigia simu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikasema machache. Alinisikiliza, kisha akasema, "Usiniombe mimi msamaha. Nenda kwa mwalimu wako umwambie." Nilikwenda. Nilimweleza mhadhiri kwamba sentensi aliyoipenda haikuwa kweli. Alinyamaza kidogo, akasema insha ilikuwa imeshapewa alama na haiwezi kubadilishwa, lakini niandike nyingine nikitaka. Ndiyo hii mnayosoma.

Desemba tunarudi. Rafiki yangu amekubali kwa masharti mawili: yeye atatangulia, na mimi nikiulizwa habari njiani nitajibu mwenyewe, yote, bila haraka. Mama yake mdogo ameagiza sukari kilo tano, majani ya chai, na ile picha niliyompiga mbele ya boma, isafishwe kwenye karatasi. Amesema pia nimwambie kama nimepata mtu wa kunipikia, maana nilikuwa mwembamba. Ngamia wawili wamezaa.